Motokari ya kopo haihitaji karatasi

Baraka, Fizi. Kopo la mafuta likiisha, mtoto analichukua. Analipasua, analikunja, anakata magurudumu katika kambambili iliyochakaa, anaunganisha yote kwa waya. Jioni inatoka Fuso, au Land Cruiser nyeupe kama zile za mashirika. Ni hivyo Baraka, ni hivyo Lusenda kwa wakimbizi wa Burundi, ni hivyo kwa familia zilizokimbia vita vya milimani. Mwingine anachezea, mwingine anaiuza apate faranga za daftari.

Sasa wako wenye kusema kwamba anayetengeneza mfano mdogo wa motokari ya kweli lazima aombe ruhusa kwa kampuni ya ile kubwa. Wanasema umbo na alama ni mali ya mwenyewe, na kwamba huko Ulaya viwanda vya vichezeo vinalipia.

Ni kweli, viwanda vingi vinalipia. Lakini wasikilizaji wajue pia habari ya Opel. Mwaka wa 2004 kampuni hiyo ilikuta Ujerumani kigari cha kuchezea cha Astra chenye alama yake, kilichotengenezwa na kampuni ya Autec bila ruhusa. Opel ikashitaki. Kesi ikafika mahakama ya Umoja wa Ulaya mwaka wa 2007, ikarudi Ujerumani, na mwaka wa 2010 mahakama kuu huko ikaikatalia Opel. Sababu ni rahisi: mnunuzi anaona alama ile kama sehemu ya mfano wa gari, hadhani kwamba Opel ndiyo imetengeneza kichezeo.

Kama ni hivyo kwa kiwanda cha Ujerumani, je, mtoto wa Baraka? Hakuna mama anayenunua lori la kopo sokoni akifikiri limetoka Japani. Na Toyota haipotezi mteja hata mmoja, kwa maana gari la kopo halibebi muhogo wala mgonjwa.

Anayebandika jina la kampuni kwenye boksi ili kudanganya wanunuzi, huyo ni mwongo, azuiliwe. Lakini kuiga kile macho yanachoona barabarani si wizi. Fundi seremala, fundi chuma, wote walianza kwa kuiga.

Tena kila anayesafiri kati ya Uvira na Baraka anajua: karatasi moja inazaa kizuizi, na kizuizi kinazaa mkono ulionyooshwa. Ruhusa ya vichezeo ikikubaliwa, pesa yake haitafika Japani. Itaishia mfukoni mwa yule anayezunguka sokoni, na atakayelipa ni mtoto aliyekwisha kupoteza nyumba na shule.

Wakubwa wanaotaka kusaidia wafanye la maana: wawape watoto hawa koleo na glavu, maana bati linakata vidole. Karatasi wabaki nazo.