Mvuvi wa Mlimani na Mvua ya Mbali

Ninyi mkaao kando ya Tanganyika au Kivu mwaujua vema uvuvi wa ziwa. Usiku taa huwaka juu ya maji, ndagaa na sambaza huufuata mwanga, nao wavuvi huwainua kwa wavu mkubwa. Leo twataka kuwaeleza uvuvi wa namna nyingine, usio na mtumbwi wala wavu wala taa. Mvuvi husimama peke yake katika kijito cha mlimani, maji yakimfika magotini. Mkononi ana ufito mrefu mwembamba, na mwisho wa mshipi wake amefunga mdudu asiye mdudu, yaani manyoya machache yaliyozungushwa juu ya ndoana ndogo. Samaki amtafutaye aitwa trauti. Na jambo limpasalo kulijua kuliko yote si ndoana wala manyoya, bali ni mvua inyeshayo mahali asipopaona.

Trauti ni samaki wa maji baridi. Hustawi katika maji ya digrii 10 hadi 16 hivi. Maji yakipita digrii 20 hudhoofika na kuacha kula, na yakikaribia 25 aweza kufa. Sababu yake ni pumzi. Samaki huvuta kwa matamvua yake oksijeni iliyoyeyuka majini, na maji baridi huishika oksijeni nyingi kuliko maji ya vuguvugu. Tena maji yarukayo juu ya mawe huchanganyika na hewa, nayo oksijeni huongezeka. Ndiyo maana katika nchi za ikweta trauti hawezi kuishi katika mito ya bondeni. Hukaa juu tu, katika vijito vitokavyo kwenye misitu ya baridi, kama ile ya Mlima Kenya na safu ya Nyandarua katika nchi ya Kenya.

Huko nako ni mgeni. Trauti mwenye rangi ya kahawia asili yake ni Ulaya, na yule mwenye mstari wa waridi ubavuni alitoka katika mito ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini. Wazungu walipohamia nchi za mbali walitaka samaki wa kwao awafuate. Mwaka 1864 mayai ya trauti yalipelekwa kwa merikebu kutoka Uingereza hadi Australia, yamelazwa katika majani laini yenye unyevu na kuzungukwa na barafu. Baada ya safari ya zaidi ya miezi miwili baadhi yake yaliangua salama katika kisiwa cha Tasmania. Kenya ilipata trauti wake mwaka 1905, mayai yalipoletwa kutoka Loch Leven, ziwa la Uskoti, na samaki wakatiwa katika mto Gura, uteremkao kutoka Nyandarua. Aliyefanya kazi hiyo ni Mwingereza Ewart Grogan, ambaye kati ya 1898 na 1900 alisafiri kutoka kusini mwa Afrika hadi Cairo, akipita kando ya Tanganyika na Kivu. Hatumtaji ili kumsifu, maana mtu huyuhuyu mwaka 1907 aliwachapa viboko Waafrika hadharani mjini Nairobi, akahukumiwa kifungo kwa ajili hiyo.

Sambaza wa Kivu naye ni mgeni. Alitolewa Tanganyika akapandwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Lakini sambaza aliletwa awe chakula cha watu, na leo yumo katika sufuria za maelfu ya jamaa. Trauti aliletwa kwa starehe ya walowezi, katika nchi ya Wakikuyu ambao desturi yao ya zamani ilikuwa kutokula samaki kabisa.

Ufundi wa kuvua kwa manyoya ni wa kale sana. Msomaji wa Matendo ya Mitume ataikumbuka miji ya Thesalonike na Berea, ambako Mtume Paulo alihubiri. Yapata mwaka 200 mwandishi wa Roma aitwaye Aelianus alieleza kwamba kati ya miji hiyo miwili ulipita mto wenye samaki wa madoadoa, na kwamba Wamakedonia waliwavua kwa sufu nyekundu iliyofungwa kwenye ndoana, pamoja na manyoya mawili ya jogoo yenye rangi ya nta. Mtu wa leo akitazama ndani ya kisanduku cha mvuvi wa Nyandarua ataona karibu vitu vilevile.

Kwa nini manyoya, na siyo nyungunyungu? Kwa sababu chakula kikuu cha trauti ni wadudu wa majini. Wadudu hao hukaa chini ya mawe muda mrefu, wengine mwaka mzima, kisha siku moja hupanda juu, huota mabawa, huzaa na kufa. Wako ambao wakiisha kuota mabawa hawana hata kinywa cha kulia, kwa kuwa maisha yao yaliyobaki ni siku moja au mbili tu. Mvuvi mwenye akili huanza kazi yake kwa kuinua jiwe na kutazama ni mdudu gani aliye chini yake, ndipo achague manyoya yafananayo naye. Na kwa kuwa manyoya hayana uzito, hayawezi kutupwa kama jiwe. Kirushwacho ni mshipi wenyewe, ulio mnene. Mvuvi huupeperusha nyuma na mbele hewani, kisha huulaza polepole, na manyoya hutua juu ya maji kana kwamba mdudu ameanguka mwenyewe.

Trauti hukaa ameelekeza kichwa kule maji yatokako, kwa maana ndiko chakula kishukako. Hivyo mvuvi humjia kwa nyuma, akipanda mto hatua kwa hatua, ameinama. Desturi hiyo ina faida ya pili: mtu apandaye mto huwa anatazama kule hatari itakakotokea.

Basi tuje kwenye hewa. Katika milima ya ikweta asubuhi mara nyingi huwa nyeupe, na vilele huonekana vyote. Kisha jua hupasha miteremko, hewa yenye unyevu hupanda, hupoa, hugeuka mawingu, na adhuhuhuri mlima umekwisha kujifunika. Miezi ya mvua kubwa ni Machi hadi Mei, na ya mvua ndogo Oktoba hadi Desemba, lakini mlima haufuati kalenda ya bondeni, na mvua yaweza kunyesha mwezi wo wote.

Mvuvi haichukii kila mvua. Jua kali humpa shida, kwa maana samaki hana kope za kufumba, naye akiona kivuli chembamba tu hukimbilia chini ya jiwe. Wingu jepesi humtuliza. Mvua ya manyunyu huuvunja uso wa maji, samaki asimwone mtu vizuri, nayo huangusha wadudu kutoka kwenye majani. Mara maji yanapoanza tu kubadilika rangi, trauti hula kwa pupa. Hapo ndipo penye mtego, maana saa ile samaki ashikapo vizuri kuliko zote ndiyo saa ya kutoka majini.

Twaeleza sababu yake. Mvua kubwa ikinyesha karibu na kilele, maji yote ya miteremko mikali hukusanyika katika bonde moja jembamba. Mvuvi aliye kilomita kadhaa chini hana habari. Juu yake jua linawaka na ndege wanaimba. Dalili za kwanza ni ndogo: majani mabichi na vijiti vyaanza kuelea, maji yaliyokuwa kama kioo yawa kama chai hafifu, harufu ya udongo yasikika, na sauti ya mto yawa nzito zaidi. Akingoja mpaka asikie mawe yakigongana chini ya maji, amekwisha kuchelewa. Enyi wanafunzi, fikirini hesabu hii: mwendo wa maji ukiwa mara mbili, nguvu yake ya kumsukuma mtu huwa mara nne, na mwendo ukiwa mara tatu, nguvu huwa mara tisa. Kijito alichokivuka asubuhi akicheka chaweza mchana kumwangusha mtu mwenye nguvu, hata kama maji hayapiti magoti.

Kwa hiyo wazoefu huchomeka kijiti ukingoni, palepale maji yanapoishia, na kila mara hukitazama. Kijiti kikianza kusimama ndani ya maji, wao hukunja mshipi. Tena wakivuka, hukumbuka kwanza upande wa njia ya kurudia nyumbani, maana kunaswa ng'ambo ya mto usiku, katika msitu wenye tembo na nyati, si jambo dogo. Wengi waliosombwa na mito ya milima hawakuwa wajinga wa kuogelea. Walitaka tu kuvuka mara ya mwisho.

Hatari nyingine ni radi. Fito za siku hizi hufanywa kwa nyuzi za kaboni, nazo hupitisha umeme. Mtu asimamaye majini akiinua ufito wa mita karibu tatu amejifanya mti mrefu wa mahali pale. Sauti husafiri kilomita moja kwa sekunde tatu hivi. Hesabu tangu umeme umulike mpaka ngurumo isikike, ugawanye kwa tatu, nawe utajua radi i umbali gani. Ikiwa ni sekunde 30 au pungufu, ufito ulazwe chini, na mtu atoke majini aende mahali palipoinama, mbali na mti ulio peke yake. Asirudi kabla ya nusu saa kupita tangu ngurumo ya mwisho.

Baridi nayo yafaa isemwe kwa maneno machache. Kila mita 1000 za kupanda hupunguza joto kwa digrii sita hivi. Mtu aliyelowa kwenye mita 3000, amevaa shati la pamba na kupigwa na upepo, hutetemeka kwanza, kisha mikono hukosa nguvu, kisha akili hupotea asijue tena njia. Nguo ya sufu hutunza joto hata ikiwa na maji. Ya pamba sivyo.

Na samaki je, wakati wa furiko hufanya nini? Wengi wetu twadhani husombwa wote. La, trauti hujua mahali pa kujificha kuliko mvuvi. Huacha katikati ya mkondo, hushuka chini na kukaa nyuma ya mawe makubwa, au husogea kabisa ukingoni ambako maji huenda polepole. Kesho yake, au siku ya pili, mto ukianza kushuka na rangi yake ikirudi kama chai hafifu, mvuvi mgeni hurusha manyoya yake katikati, asipate kitu. Mzoefu husimama mbali na maji, juu ya nchi kavu, na kuyalaza manyoya yake hatua moja tu kutoka ukingoni, juu ya majani yaliyozama, mahali ambapo juzi palikuwa njia ya miguu.