Theluji ya Mlima Imekwenda Wapi?



Juma hili swali letu limetoka mbali na bahari. Dada yetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa Kakamega, anaeleza kwamba binti yake alikuwa akisoma kitabu cha jiografia alichoachiwa na mjomba wake. Kitabu kinasema kwamba kilele cha Mlima Kenya hufunikwa na theluji mwaka mzima. Mtoto akatazama picha ya karibuni kwenye simu, akaona majabali meusi na vipande vichache vyeupe. Akamwuliza mamake: "Theluji imekwenda wapi? Na maji yetu, je, yataifuata?" Mama akakosa jibu, akatuletea sisi.

Theluji inaposhuka juu sana mlimani na isiyeyuke yote, hulala tabaka juu ya tabaka. Zile za chini hushindiliwa na uzito hata zikawa barafu ngumu, nayo huteremka bondeni polepole mno, kama uji mzito. Huo ndio mto wa barafu. Mfano wake ni akiba ya nyumba: kinachoingia kikilingana na kinachotoka, akiba hudumu. Katika milima yetu, kwa zaidi ya miaka mia moja, kinachotoka kimezidi kinachoingia. Sababu ni mbili zinazoshikana: hewa imezidi joto, na theluji mpya imepungua. Tena kila jabali linapofunuliwa, weusi wake hunyonya joto la jua, na barafu iliyo kando yake ikazidi kuyeyuka.

Mwaka 1899, Mwingereza Halford Mackinder alipofika kilele cha Batian, Mlima Kenya ulikuwa na mito ya barafu ipatayo 18. Mkubwa kuliko yote, uitwao Lewis, ulichorewa ramani mwaka 1934. Ulipopimwa mwaka 2010, sehemu tisa katika kumi za barafu yake zilikuwa zimekwisha. Jirani yake, uitwao Gregory, ulitoweka kabisa karibu na wakati huohuo. Huko Kilimanjaro nako, kati ya mwaka 1912 na 2007, asilimia 85 ya eneo lililofunikwa na barafu ilibaki wazi. Basi kitabu cha mjomba hakikusema uongo. Mlima ndio uliobadilika, na umebadilika ndani ya umri wa mabibi zetu.

Ama kuhusu maji, dada yetu hana haja ya kwenda mbali kutafuta jibu. Na atazame kaskazini ya Kakamega, uliko Mlima Elgon, wenye urefu wa mita 4,321. Zamani za kale, dunia ilipokuwa na baridi kali, mlima huo nao ulibeba barafu. Mabonde yaliyochongwa nayo yangaliko huko juu. Barafu hiyo ilikwisha maelfu ya miaka iliyopita, na mito haikukoma. Mto Nzoia, ambao baadhi ya vijito vyake huanzia Elgon na vingine vilima vya Cherang'any, hupita karibu na Mumias, mji wa Nabongo Mumia, ambako misafara ya wazee wetu wa pwani ilipumzika ikielekea Uganda, na Uislamu ukapata makao. Maji waliyoyakuta pale hayakutoka kwenye barafu. Yalitoka kwenye mvua iliyohifadhiwa na msitu.

Hata Mto Tana, unaoingia baharini kwetu Kipini, hupata sehemu kubwa ya maji yake kwa mvua na misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua. Mchango wa barafu ni mdogo. Hapo pana faraja, na pana onyo pia. Barafu iliyokwenda hatuwezi kuirudisha kwa mikono yetu. Lakini msitu twaweza kuumaliza katika kizazi kimoja, na mlima ulio uchi humwaga mvua yote kwa siku moja: leo mafuriko, kesho ukame. Msitu wa Kakamega, ambamo hupita mito ya Isiukhu na Yala, ni mabaki tu ya msitu mkubwa wa mvua uliokatwa kwa mbao, makaa na mashamba.

Jambo hili linatuhusu sisi akina mama kuliko wengi, maana kuni na ndoo zi mikononi mwetu. Jiko linalobana moto hupunguza kuni. Mfereji chini ya paa la bati hujaza pipa. Mti mmoja uani ni mwanzo. Na katika udhu tukumbuke kwamba Mtume (S.A.W.) alitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, na akaoga kwa pishi moja hadi vibaba vitano, nasi mara ngapi tumeacha bomba likimwagika tukizungumza?

Dada yetu, mjibu binti yako hivi: theluji imeyeyuka, na hukuichelewa kwa kosa lako. Maji bado yapo, na yatabaki maadamu msitu upo. Kisha mpeleke akauone, ungali karibu nanyi.

Wabillahi tawfiq.