Impreza ya Zamani Haihitaji Rimu za Inchi 18

Wenye Subaru, leo tuongee matairi. Msishangae kuyaona hapa: kuchagua saizi ya tairi ni hesabu, na hesabu ndiyo kazi yangu.

Tuchukue Impreza WRX ya 2002 iliyouzwa Marekani. Ilitoka kiwandani na tairi 205/55R16. 205 ni upana kwa milimita, 55 inaonyesha kuwa ubavu wa tairi ni asilimia 55 ya upana huo, na 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Kwa hiyo gurudumu zima lina kipenyo hiki:

205 × 0.55 × 2 + 16 × 25.4 = milimita 631.9

Linganisha sasa:

215/45R17 = 625.3 (pungufu kwa asilimia 1)
225/40R18 = 637.2 (zaidi kwa asilimia 0.8)
215/45R18 = 650.7 (zaidi kwa asilimia 3)

Hiyo ya mwisho itaidanganya spidomita. Lakini 225/40R18 inakubalika kwenye karatasi, sivyo? Ndiyo, ila angalia ubavu. Tairi la 16 lina milimita 112.75, hili lina 90. Umepoteza zaidi ya sentimita 2 za mpira na hewa, na hizo ndizo zinazomeza shimo kabla halijaifikia rimu. Barabara zetu mnazijua! Kishindo ambacho tairi halikumeza kitaenda kwenye bushi na shokomzoba zenye umri wa miaka 20.

Mtaniambia 18 zinapendeza na usukani unajibu haraka. Kweli, ubavu mfupi haulegei kwenye kona. Lakini kona ya lami safi ni sehemu ndogo sana ya safari zetu. Mimi nachagua 16, au 17 kama breki ni kubwa, mfano WRX ya 2006 ambayo breki zake za mbele zina pistoni nne.

Kabla ya kulipa, hakiki pia nafasi ya nati. WRX hizi ni 5x100, lakini STI kuanzia modeli ya 2005 ni 5x114.3. Muuzaji akisema "itaingia tu", ondoka.

Sasa jambo linalouma mfuko zaidi. Wengi wetu hununua matairi mawili mawili. Kwa gari linalovuta magurudumu yote manne, hapo kuna hatari. Subaru ya Marekani inashauri mizingo ya matairi isitofautiane kwa zaidi ya robo inchi, yaani kama milimita 6. Tairi jipya lenye mifereji ya milimita 8 likiwekwa pamoja na lililobaki na 4, kipenyo kinatofautiana kwa milimita 8, na mzingo kwa 25. Mara nne ya kiwango! Difu ya katikati italazimika kufanya kazi hata barabara ikinyooka, ipate joto, na mwishowe ife. Bei yake si ya matairi tena.

Ushauri wangu: pesa ulizotenga kwa rimu za 18, nunua matairi manne mapya ya aina moja, saizi ya kiwandani. Soma tarehe ubavuni: 3224 ni wiki ya 32, mwaka 2024. Majirani hawatageuka kukutazama, lakini gari litadumu.