Mfuko wa Dawa si Uzima wa Mzee

Huku Ngara na Biharamulo mzee akirudi kutoka hospitali, kitu cha kwanza kuangaliwa ni mfuko. Ukijaa, ametibiwa. Daktari aliyempima, akamsikiliza, akamwandikia dawa moja, anaambiwa hajui kazi. Imani hii inawaumiza wazee wetu, nami naipinga waziwazi.

Chukua bibi mwenye maumivu ya magoti, anayepanda vilima vya Ngara na jembe begani. Ananunua diklofenaki dukani, anaimeza miezi na miezi. Dawa hiyo huweza kupandisha presha na kudhuru figo. Kliniki wanaikuta presha, anaanzishiwa amlodipini. Amlodipini nayo huweza kuvimbisha miguu; ikivimba, anaongezewa dawa ya kukojosha. Sasa usiku anaamka kila mara, choo kiko nje, kizunguzungu kinampata, anaanguka na kuvunjika nyonga. Diklofenaki iliyoanzisha yote bado imo mfukoni, na nyumbani wanasema ni uzee.

Uzee gani huo? Figo za mzee huchuja polepole, hivyo dawa hukawia mwilini. Glibenklamaidi ya kisukari, kwa mzee aliyelala na uji mtupu, huweza kushusha sukari mpaka akazimia. Piritoni ya mafua humsinzisha na kumchanganya akili. Mwaka 1991 daktari Mmarekani, Mark Beers, na wenzake walitoa orodha ya dawa za kuepukwa kwa wazee. Imerekebishwa mara kadhaa, na leo hizo mbili zimo.

Watoto walioko Mwanza na Bukoba hutuma dawa nyingine kwa basi. Ni mapenzi, najua. Lakini daktari haambiwi habari zake, wala za mitishamba inayochemshwa jikoni.

Asiache mtu dawa kwa kunisoma mimi: presha isiyotibiwa huleta kiharusi, na zipo dawa ambazo kuziacha ghafla ni hatari. Nchi ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, na vituo vingi vina dirisha la wazee. Nadai dirisha hilo lisiwe la kutolea dawa tu. Mzee aje na kila anachomeza, mitishamba ikiwemo, aulizwe kama bado analima bustani yake, anafika ibadani, anakula akashiba. Kama alikuwa akiweza kabla ya kuongezewa dawa fulani, dawa hiyo ichunguzwe kwanza, kabla hajaandikiwa nyingine.