Tusibadili Majedwali kwa Siri

Enyi mliotoka shuleni zamani, bila shaka mwazikumbuka alama zenu za kidato cha 4: D1, D2, C3, hata F9, na ile hesabu ya masomo 8 bora. Wadogo zenu hawazijui tena. Mtaala mpya ulianza katika kidato cha 1 mwaka 2020, na mtihani wa 2024 ulikuwa wa kwanza kutolewa kwa herufi A mpaka E. Tena asilimia 20 ya matokeo hutoka katika kazi za darasani, na 80 katika mtihani wenyewe.

Sisi wa chama cha kompyuta hapa Mbale tuna programu ya kuandika ripoti za shule, nayo ilikuwa imejengwa kwa hesabu ya 1 mpaka 9. Ilitubidi kubadili vitu viwili: msimbo, yaani maandishi ya programu, na majedwali ya hifadhidata ambamo alama zenyewe hukaa. Msimbo tuliubadili kwa adabu. Kila badiliko liliingia katika Git pamoja na jina la aliyelifanya. Majedwali niliyabadili mimi peke yangu, jioni moja, kwa kupiga amri katika kompyuta ya ofisi. Sikuandika popote nilichofanya.

Rafiki yangu wa Jinja, ambaye shule yake hutumia programu hiyo hiyo, akachukua msimbo mpya. Programu ikamwambia kwamba safu ya "alama_ya_mtihani" haipo. Akanipigia simu. Nami kwa kukumbuka tu nikamjibu, "Futa safu ya zamani ya alama, kisha tengeneza hiyo mpya." Nilisahau kwamba kwetu nilinakili alama kwanza, ndipo nikafuta. Dakika ile alama za kidato cha 3 za muhula mzima zikapotea, na nakala ya akiba ilikuwa ya kabla ya muhula kuanza. Walimu walikaa siku mbili wakiingiza alama upya kutoka madaftari yao, na daftari moja halikuonekana kabisa. Wanafunzi wa somo lile walirudia kazi kwa kosa la mtu wasiyemjua, aliye Mbale.

Basi maoni yangu ni haya: jedwali ni sehemu ya programu, wala halifai kubadilishwa kwa mkono. Kila badiliko liandikwe katika faili lake lenye namba, liwekwe katika Git pamoja na msimbo unaolihitaji, na programu yenyewe iyaendeshe mafaili hayo kwa zamu. Ndani ya hifadhidata pawe na jedwali dogo la kukumbuka namba zilizokwisha pita. Hapo Jinja wangeona wenyewe kwamba wako namba 11 nasi tuko 14, pasipo simu yangu.

Jambo hili si langu. Ng'ambo ya Mlima Elgon, mjini Eldoret, ndiko OpenMRS ilikoanza kutumika mwaka 2006 kwa kuweka habari za wagonjwa, na UgandaEMR inayotumiwa katika vituo vya afya vya nchi yetu imejengwa juu yake. OpenMRS hutumia chombo kiitwacho Liquibase. Programu inapoanza, chombo hicho hutazama ni mabadiliko gani yamekwisha fanywa, kisha hufanya yaliyobaki tu. Na mtu akilichezea badiliko lililokwisha pita, chombo hukataa kuendelea. Nalipenda sana katazo hilo. Faili namba 12 likiwa na kosa na limekwisha fika Jinja, usilisahihishe. Andika namba 13.

Wako wenzangu katika chama wasemao, "Sisi si benki. Majedwali yakipangwa vizuri mara moja hayabadiliki." Nawauliza: katika nchi hii? Mzee aliyezaliwa Mbale mwaka 1990 aweza leo kuwa mtu wa Namisindwa pasipo kuhamisha hata kuku mmoja, maana Manafwa ilikatwa kutoka Mbale mwaka 2005, na Namisindwa kutoka Manafwa mwaka 2017. Jinja na Mbale zenyewe zilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020. Sajili yetu ina safu ya wilaya; na wajaribu kuipanga mara moja.

Wengine husema kwamba mambo yakiharibika tutarudisha programu ya jana. Msimbo wa jana hurudi, ni kweli. Alama zilizofutwa hazirudi pamoja nao. Kwa hiyo afadhali kuongeza safu mpya, kunakili, na kuiacha ya zamani ikae mpaka watumiaji wote wahame. Tena ijaribiwe juu ya nakala ya alama halisi. Faili letu la kwanza lilipita vizuri juu ya wanafunzi kumi wa uongo, likakwama juu ya wa kweli, kwa sababu mwalimu mmoja aliandika kistari kwa kila asiyehudhuria.

Faili namba 15, la kufuta safu ya zamani, limekwisha andikwa na kukaguliwa na wenzangu wawili. Hatutaliendesha mpaka rafiki yangu wa Jinja atuandikie kwamba wamefika namba 14 na alama zote zimeonekana. Mpaka leo wako namba 13.