Mazoezi Nayo Ni Kazi

Kwenye semina za vikundi vya sanaa hakosekani mtu wa kuja kutufundisha kupanga muda. Anachora duara ubaoni, analikata vipande: usingizi, kazi, familia, sanaa. Kisha anatushauri tuamke mapema. Mwenzangu wa kiti cha pili, mama lishe anayewasha mkaa saa kumi alfajiri, huinamisha kichwa asionekane anacheka.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Mbagala, na jioni ni katibu wa kikundi cha ngoma na maigizo. Sina ugomvi na ratiba; ninayo, nimeibandika kwenye mlango wa friji. Ninachobisha ni hiyo dhana kwamba tunazidiwa kwa sababu hatujui kujipanga. Tunazidiwa kwa sababu wanaotuita hulipia dakika tunazosimama mbele ya watu, na saa zote za kabla ya hapo tunazigharamia wenyewe.

Simu huja Jumatano au Alhamisi. "Mwalimu, Jumamosi tuna uhamasishaji wa lishe pale uwanjani. Mtuandalie igizo fupi tu, dakika kumi na tano. Mgeni rasmi yupo."

Dakika kumi na tano! Igizo letu si la kukariri. Tunalikata pale mambo yanapofika shingoni, kiongozi anawageukia watazamaji: huyu mkwe afanyeje? Mtu anaweza kutoka kwenye mkeka akaingia uwanjani kuonyesha mwenyewe, na mwigizaji lazima amjibu papo hapo. Huwezi kumjibu kama hujui watu wa mtaa ule wanasema nini kuhusu mtoto anayeshindia uji mtupu. Kwa hiyo tunaanzia bombani na kliniki, tunauliza, tunasikiliza, ndipo tunakaa kutunga. Walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliotufungulia njia hii, kina Penina Muhando na Amandina Lihamba, walipokwenda Malya mkoani Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 hawakufika asubuhi wakaonyesha jioni. Walikaa na wanakijiji kwanza.

Sasa tazama nani anafanya kazi hiyo. Kijana anayecheza baba wa familia anaendesha bodaboda ya mtu. Mazoezi yetu ni saa kumi na moja jioni, saa ileile abiria wanashuka kituo cha Rangi Tatu kwa wingi, na hesabu ya bosi haingoji igizo liishe. Mama lishe, ambaye ndiye mama mkwe wetu, na hakuna anayemfikia kwa kusonya, anaacha sufuria hazijaoshwa. Mimi nina madaftari ya darasa zima. Nayasahihisha usiku watoto wakishalala. Mume wangu, Mungu amjalie, amejifunza kupika wali usioungua. Au tuseme anakaribia.

Siku ya tukio tunapata posho, nauli, soda na vitumbua, tunatia sahihi. Niliwahi kuiona bajeti yenyewe: maturubai, viti, spika, jenereta, maji ya chupa. Mazoezi hayamo.

Haikuwa hivi kwa wasanii wote. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 na leo tunaiita Msondo Ngoma, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na bendi yake. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara, na mazoezi yalikuwa sehemu ya kazi. Sisemi turudi huko, maana mwenye bendi naye alikuwa na nyimbo alizotaka ziimbwe. Ila mhasibu wa enzi zile alielewa jambo ambalo waandaaji wa leo hawalielewi, au wanajifanya.

Tukilalamika tunaelekezwa halmashauri, kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokopeshwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mkopo hauna riba, na mwenye saluni unamfaa. Sisi turejeshe kwa kuuza nini, machozi ya mama mkwe?

Ninachotaka hakihitaji sera mpya. Anayetuita atupe wiki mbili, aandike siku za mazoezi kwenye bajeti yake kwa kiwango kilekile cha posho ya siku ya tukio, na alipe nusu mapema. Hapo bodaboda anaweza kumpa bosi hesabu yake, na mama lishe anaweza kumlipa binti wa kumshikia kibanda. Tutafanya mazoezi mchana, na kinamama hawatahitaji kueleza nyumbani walikuwa wapi saa tatu usiku.

Tangu mwaka jana, kwenye makadirio ninayotuma, mazoezi ndiyo mstari wa kwanza. Wapo ambao hawapigi tena. Yupo aliyelipa bila neno, na watu wa mtaa wake wanalizungumzia igizo lile mpaka leo. Mwingine aliniuliza, kwa upole kabisa, kama hayo mazoezi hatuwezi kuyafanyia ndani ya basi tukiwa njiani kuja.