Birere haihitaji kengele inayoogopa malori

GOMA – Kila ardhi inapotikisika mjini, wazo hili halikosi mtu wa kulisema: vijana wanaojua elektroniki wanunue vipimio vidogo, wavifunge manyumbani, na Birere iwe na kengele yake yenyewe ya matetemeko. Wazo ni zuri. Ubaya unaanzia kwenye kununua.

Kinachonunuliwa kwa urahisi ni akselerometa, kile kidude kilicho ndani ya telefone kinachofanya picha igeuke ukiilaza. Ya bei ya chini, kama MPU-6050, ni dola chache tu. Lakini kila kifaa cha namna hiyo kina kelele yake ya ndani, hata kikiwa kimetulia juu ya jiwe. Karatasi ya kiwanda inaitaja wazi: mikro-g 400, pale ambapo kifaa kingine, ADXL355, kina takriban 25. Mikro-g moja ni sehemu moja ya milioni ya mvuto wa dunia. Ukipima mitikisiko ya tetemeko la kawaida, kelele ile ya 400 inapanda hadi mikro-g 2,000 au 3,000. Hapo ndipo hasa mtu aliyeketi anapoanza kujiuliza kama kiti kimetikisika. Basi kifaa kitamwambia mama wa Birere jambo ambalo kiti chake kimekwisha kumwambia.

Watasema kidogo ni bora kuliko kukosa. Kwa Birere si hivyo. Hapa malori yanapita karibu na kuta, chukudu zinashuka na magunia, mashine za kusaga zinanguruma, na nyumba nyingi ni za mbao zinazotikisika mtu akifunga mlango kwa nguvu. Kipimio kibovu kilichopigiliwa kwenye ubao wa nyumba kama hiyo kitasikia malori kuliko ardhi. Ukikiunganisha na king'ora, utawakimbiza watu usiku kwa sababu ya gari la saruji.

Na kukimbia Goma si mchezo. Nyiragongo ilipolipuka jioni ya Mei 22, 2021, watoto zaidi ya 150 walitenganishwa na wazazi wao, kwa hesabu ya UNICEF. Siku tano baadaye serikali iliamuru kartie 10 kati ya 18 za mji ziondoke, na watu karibu 400,000 wakashika njia kwenda Sake, Rutshuru, Bukavu na ng'ambo ya mpaka. Wakaaji wa Birere walikuwa wanakumbuka pia Januari 17, 2002, lava ilipopita katikati ya mji na kuzika sehemu ya kartie hii. Sasa mweke hapo mama aliyekwisha kukimbia vita Masisi au Rutshuru, anayelala na watoto wanne katika chumba cha kuazima. King'ora cha uongo kikimtoa nje mara mbili, mara ya tatu hatatoka. Nani atajibu siku hiyo ya tatu ikiwa ni ya kweli?

Kuna pia wanaowaambia raia wakae kimya, kazi hii ni ya wataalamu wa OVG. Hao nao wamesahau upesi. Mwaka 2020 fedha za Benki ya Dunia zilipokwisha, OVG ilikosa hata pesa za kulipa intaneti ya vituo vyake, na kwa miezi mingi data haikufika Goma, hadi karibu na mlipuko. Wataalamu walikuwepo, kilichokosekana ni mega. Haiti, baada ya tetemeko la 2010, raia wa kawaida walikubali kuweka vipimio vya Raspberry Shake majumbani mwao, na tetemeko la Agosti 14, 2021 lilipopiga, data yao iliwasaidia wanasayansi kufuata matetemeko madogo yaliyofuata. Kifaa walichotumia kina jeofoni, yaani sumaku na waya vinavyosikia mitikisiko midogo, pamoja na akselerometa ya pande tatu kwa ile mikubwa. Bei yake ni mamia ya dola. Ndiyo, ni ghali. Lakini vitatu vinavyosikia vina kazi kuliko thelathini vinavyopiga kelele.

Kazi gani? Si kutabiri. Hakuna kifaa duniani kinachotabiri tetemeko, na likianzia chini ya mji wenyewe, kati ya wimbi la kwanza na lile linalobomoa kuna sekunde moja au mbili tu. Kuhusu volkano, utafiti uliochapishwa 2022 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba mwaka 2021 hata vipimio vya kitaalamu vilisikia mabadiliko dakika 40 hivi kabla ya lava kutoka. Anayeahidi kuwaonya watu siku mbili mbele kwa kidude cha dola tano anawauzia hofu. Faida iko baada ya mtikisiko wa kwanza: kujua mingine inaelekea wapi. Mwaka ule matetemeko yalisogea kusini, chini ya mji, hadi Ziwa Kivu. Kufuata mwendo huo kunahitaji kusikia yale madogo, yale ambayo kiti cha mama hakiyasikii.

Kipimio kifungwe kwa saruji kwenye mwamba wa lava wenyewe, mbali na barabara na mashine, si kwenye ubao wala juu ya kifusi. Data iende OVG. King'ora kisiwepo kabisa. Tangazo litoke kwa wenye kazi hiyo, redioni, kwa lugha ambayo kila mtu anaielewa. Na yeyote atakayeleta mradi huu Birere akiwa na picha nzuri kwenye telefone, chefu wa kartie amuulize kwanza betri itakaa wapi umeme ukikatika, na nani atalipa mega mwezi wa nane.